Majani ikikauka, kazi inaenda wapi?

Mazungumzo mbele ya wanachama, mkutano wa mwezi wa nne. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tukaondoa tu salamu ndefu na matangazo.

Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya kupanua kazi ya kukata majani, akanipa dakika 30. Nitajaribu, lakini mnanijua.

Nianze na swali ambalo mama mmoja wa kikundi cha Ruashi aliniuliza mwaka jana, mwezi wa saba. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mashini ya kukata majani iko ndani ya nyumba, imefunikwa na kitenge kama mgonjwa. Nikamuuliza kazi inaendaje. Akanijibu: "Mwana, majani ikikauka, kazi inaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Na ubaya ni kwamba mimi ndiye niliyeandika mradi wa kile kikundi. Nilichukua mapato ya mwezi wa kwanza, mwezi ambao majani yanaota mpaka unaona aibu, nikazidisha mara 12, nikapeleka karatasi kwa wafadhili. Mara 12! Kama vile hapa Lubumbashi mvua inanyesha mwaka mzima. Mtoto wa darasa la tatu wa hapa Katanga anajua mvua inaanza kwenye mwisho wa mwezi wa kumi au mwezi wa kumi na moja, inaisha mwezi wa nne. Kisha ni kiangazi tupu, na vumbi, na ile baridi ya mwezi wa sita na wa saba inayotutoa makoti sandukuni. Mimi niliyesoma chuo kikuu nilisahau.

Mnajua kilichofuata, maana wengine wenu mlikuwa ndani yake. Mteja aliyekuwa anaita kikundi mara tatu kwa mwezi akaanza kuita mara moja, kisha akasema: "Mutarudia wakati mvua itaanza." Mmoja akaenda Kasumbalesa kubeba mizigo. Mwingine akaomba mkopo kwenye mfuko wetu, akaandika "vyombo vya kazi", lakini sote tulijua ni unga. Simlaumu. Mwezi wa tisa shule zikafunguliwa, watoto wa sekondari wakahitaji pesa ya shule, na majani yalikuwa bado hayajaota. Wakati huo huo mfuko ulikuwa unangoja vikundi vitatu virudishe deni. Kwa nini mwezi wa nane? Kwa sababu tulikopesha mwezi wa kumi na moja, na mtu akahesabu miezi tisa kwa vidole, basi. Hakuna aliyetazama mvua. Mfuko ulikaribia kukauka pamoja na majani.

Ndiyo maana leo niko hapa. Tukipanua kazi vibaya mwaka huu, mfuko hautastahimili mara ya pili, na ni mfuko huo unaotoa jeneza na unaompeleka mama hospitali akijifungua.

Sasa, ukimuuliza mwanachama yeyote namna ya kupanua, jibu ni moja: mashini ya pili. Niliuliza katika vikundi vyote, vyote vilisema vile vile. Ninaelewa. Mashini inaonekana. Mtu akipita barabarani anaona hawa ni watu wa kazi, si watu wa kuomba. Sisi tuliorudi, neno la kuomba linatuuma zaidi kuliko wengine. Wengine wenu mlitoka Meheba, kule karibu na Solwezi, mlikuwa na shamba na mlilima vizuri. Wengine walitoka Kala na Mwange, wengine juzi juzi Mantapala. Mkafika hapa, hakuna shamba, nyumba ni ya kupanga, mkaanza na fyekeo na mikono. Mashini ni heshima, sikatai.

Lakini tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, msizipeleke kwa mteja. Tuseme kikundi cha watu wanne kina malupango 10. Wakati wa mvua kila lupango wanaenda mara tatu kwa mwezi, dolari 5 kila mara. Hiyo ni dolari 150. Toa esansi, mafuta ya mashini, takisi, kunoa kisu, na akiba ya kutengeneza mashini: tuseme 50. Inabaki 100, kila mtu 25. Mwezi wa saba wanaenda mara moja tu kwa kila lupango: dolari 50. Toa gharama 20. Inabaki 30 kwa watu wanne. Saba na nusu! Sasa niambieni, mashini ya pili itaotesha majani mwezi wa saba? Mtakuwa na mashini mbili chini ya kitenge, na deni mara mbili.

(Hapa watu walicheka, papa mmoja akasema kitenge nacho ni cha kununua.)

Njia ninayoona mimi ni hii: tusitafute majani mengine, tutafute kazi nyingine ndani ya lupango lile lile, kwa mteja yule yule ambaye tayari anatufungulia mlango. Kufunguliwa mlango ndiyo shida ya kwanza katika mji huu. Zamu hakujui, mbwa hakujui, mwenye nyumba anafikiri umekuja kupeleleza. Mkishavuka hapo, mmepata kitu ambacho hata mashini kumi hazinunui. Halafu tunaingia, tunakata majani, tunatoka. Tunaacha kazi zimejaa nyuma yetu.

Twende pamoja kwenye lupango moja. Msiwaze la mtu fulani, tuseme tu ni la upande wa Golf au Bel-Air. Tunaingia mwezi wa nne, mwezi huu wetu. Mbele ya ukuta kuna kanivo, imejaa mchanga na chupa za plastiki zilizoletwa na mvua. Uzio wa miti umeota mpaka barabarani. Bugainvilia imelala juu ya waya. Ndani, pasipalumu bado ni ya kijani, lakini pembeni ya njia inatambaa juu ya matofali. Kuna mti wa avoka wenye matawi makavu. Na nyuma ya jikoni, kule mgeni hafiki, kuna lundo la majani tuliyoyakata sisi wenyewe tangu mwezi wa kumi na mbili, na zamu anayachoma kidogo kidogo kila Jumamosi.

Lile lundo nimelitazama miaka miwili nikifikiri ni takataka. Ni pesa. Nitarudi kwake.

Nianze na kazi ya sasa hivi, ya mwezi wa nne na wa tano, maana haingoji. Nje ya mji, kwenye malupango makubwa ya Annexe, upande wa Kasapa na kwingine, majani marefu yatakauka. Mwezi wa nane na wa tisa moto unapita kila mahali, mnaujua. Mwenye lupango anayejenga kidogo kidogo, ameweka pale mbao, mabati, pengine kibanda cha zamu, anaweza kupoteza vyote saa moja. Tumuuzie usafi wa mzunguko: tunakata na kusafisha ukanda wa mita tatu au nne kuzunguka lupango lote, tunaondoa yale makavu, tunarudi mara moja katikati ya kiangazi kuangalia. Ni kazi ya fyekeo na reki. Na itolewe mapema, majani yakiwa bado na maji ndani yake, si wakati moshi umeshaonekana.

Hapo hapo kuna malupango matupu ya watu walio mbali. Mwenyewe yuko Kinshasa, Ubelgiji, Afrika Kusini. Lupango likiota majani marefu, jirani anatupa takataka, halafu mtu anapanda mahindi, halafu siku moja kuna tofali. Mnajua hadithi hizi za ardhi hapa Lubumbashi, sina haja ya kuwafundisha. Mtu wa mbali atalipa kwa furaha kama kila mwezi anapata picha tatu kwenye simu, zenye tarehe, zinazoonyesha mipaka iko safi. Lakini hapa ninaomba sana: karatasi. Karatasi iliyotiwa sahihi inayosema sisi ni watu wa kusafisha tu, hatukai pale, hatupandi kitu pale, hatumruhusu mtu kuingia wala hatumfukuzi mtu. Ndugu wa mwenye lupango akija na maneno yake, tunaonyesha karatasi, tunaenda nyumbani. Msiwe askari wa ardhi ya mtu. Sisi tuliowahi kufukuzwa penye ardhi tunajua ugomvi wa aina hiyo unaishia wapi.

Kisha kiangazi kinaingia kabisa. Majani hayaoti, lakini yanaweza kufa, na mwenye nyumba hapendi kuona bustani yake nyekundu kama barabara. Kazi ni maji. Wengi wana foraji, wanaye na zamu anayeshika mpira wa maji kila jioni dakika tano, anamwaga juu juu, anaenda kula bukari. Maji hayo hayafiki kwenye mizizi. Pasipalumu inataka maji mengi mara moja au mbili kwa juma, asubuhi mapema au jioni, mpaka ukichimba kidogo na kidole unakuta udongo umelowa chini. Na mashini, mwezi huu wa nne, muinue kisu. Jani refu linafunika udongo usikauke. Mteja atasema hamjakata vizuri. Mueleze kabla ya kukata, si baada. Mtaalamu ni yule anayeeleza kabla.

Miti ya waridi inakatwa mwezi wa saba, wakati wa baridi. Uzio unanyooshwa. Matawi makavu yanatolewa, yale tunayoyafikia na ngazi fupi. Mwezi wa tisa na wa kumi jakaranda zinamwaga maua, barabara nzuri sana kwa picha, lakini yakioza mbele ya mlango yanateleza. Kuna mtu analipa mtu afagie. Awe sisi.

Sasa lile lundo. Majani yaliyokatwa, ukiyaacha yenyewe, yananuka na kuoza vibaya. Ukiyachanganya na makavu, na mbolea ya kuku au ya ng'ombe, na majivu kidogo, ukayapanga tabaka kwa tabaka, ukamwagia maji mpaka yawe kama kitambaa kilichokamuliwa, ukafunika, ukageuza kila juma mbili, yanakuwa udongo mweusi kwa muda wa miezi mitatu hivi. Anza mwezi wa sita, unapata mwezi wa tisa. Na ni mwezi wa kumi watu wanapoanza kutafuta udongo mzuri wa kupandia maua! Udongo wetu mwekundu wa hapa una asidi, umeoshwa na mvua, hauna nguvu. Ndiyo maana wazee wanachukua udongo wa kichuguu. Vichuguu vikubwa vya Haut-Katanga vina udongo usio na asidi nyingi, na una chokaa zaidi kuliko ule wa pembeni. Changanya mbolea hiyo na udongo wa kichuguu, unakuwa na kitu cha kuuza kwa mfuko. Ila wachoma matofali nao wanautaka, na msichimbe penye kichuguu cha mtu bila ruhusa. Na shimo mnalochimba mlifunike, lisije likawa ziwa la mbu.

Kuna maua ya manjano ambayo yako kando ya kila njia, titonia. Sasa hivi yanachanua. Watu wanayaona magugu. Majani yake mabichi yanaongeza nguvu sana kwenye lundo. Hayo ni bure, yakate kabla hayajakomaa mbegu.

Onyo moja: kama mteja alimwagia dawa ya kuua magugu, majani ya lupango lile yasiingie kwenye lundo. Ulizeni kwanza.

Mwezi wa nane tunaanza kitalu. Simaanishi kitu kikubwa. Papai, limau, avoka, maua ya uzio, kwenye vifuko na chupa zilizokatwa, chini ya kivuli. Na pasipalumu yenyewe! Vile vipande vinavyotambaa juu ya njia, tunavikata na kuvitupa kila juma, ndiyo mbegu. Mvua ikishashika, mwezi wa kumi na moja, mtu aliyemaliza kujenga anatafuta mtu wa kumpandia bustani mpya. Tunakuja na vipande vyetu, udongo wetu, na watu wetu. Hiyo kazi ya kupanda inalipa kuliko kukata kwa miezi mingi. Na kabla ya hapo, mwezi wa kumi, ni kanivo. Mvua ya kwanza ikikuta kanivo imefungwa, maji yanaingia ndani ya nyumba ya mtu. Msingoje Salongo, na msingoje mteja apige simu akiwa amesimama ndani ya maji.

Mnaona namna kazi moja inavyolisha nyingine. Majani ya mwezi wa pili ndiyo udongo wa mwezi wa kumi. Sikuivumbua mimi, mama wa ile ndoo ndiye aliyenionyesha. Baada ya kuniuliza lile swali, aliacha kuningoja. Aliomba mteja mmoja kona ya nyuma ya lupango, akaanza lundo na miche ya papai. Nilipopita mwezi wa kumi na moja, kitenge kilikuwa kimerudi kiunoni mwake na mashini ilikuwa kazini.

Niseme neno juu ya mboga, maana kuna wateja wanaosema: "Munipandie na lengalenga na shinwa nyuma ya nyumba." Ni kazi nzuri, na mnaiweza kuliko wote. Lakini mji huu umeyeyusha shaba tangu 1911. Lile bomba refu la moshi tunalolipiga picha lilimwaga vumbi lake miaka mingi upande ambao upepo unaenda, na Penga Penga mmeona udongo ulivyobaki uchi. Watafiti wa UNILU pamoja na Wabelgiji walilazimika kutafuta jani linalostahimili shaba, Microchloa, ili angalau kitu kishike udongo pale. Wamepima pia mboga za bustani za mji, na mboga za majani ndizo zinazovuta vyuma hivyo, na vumbi nalo linakaa juu ya jani. Kwa hiyo mboga tusipande upande ule, wala kando ya kanivo au mto wenye maji ya viwanda. Pengine, tupande kwenye matuta yaliyoinuliwa, yenye udongo tulioleta na mbolea nyingi, na mteja aambiwe aoshe mboga vizuri. Kama hatujui lupango limejazwa udongo wa wapi, tunapanda maua. Maua hayaliwi na watoto.

Sasa yale ya kukataa. Nilitaka kupita haraka, lakini katibu aliniambia nisipite.

Mteja akikuona mwaminifu, anataka ufanye kila kitu. "Osha na gari." "Safisha na pisini." "Lala hapa, uwe zamu." Gari, kama ni kwa bei yake, sawa. Pisini, hapana, mpaka mmoja wetu afundishwe: dawa ya klorini ikichanganywa na asidi inatoa hewa inayoua, na kibanda cha pampu hakina dirisha. Kupanda miti mirefu karibu na nyaya za umeme, hapana, hata kwa dolari mia. Kunyunyizia dawa za sumu bila mafunzo na bila nguo za kujikinga, hapana. Na kulala zamu, ninawaomba: usiku hujalala, asubuhi unashika mashini. Mashini ya begani, ile yenye uzi au kisu mbele, inakata mguu kama inavyokata jani.

Na kwa kuwa nimeitaja mashini ya begani, naomba radhi kwa wanaojua. Nyingi ya hizi za begani zinataka mafuta yachanganywe ndani ya esansi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mashini. Nyingi ya zile za kusukuma zina mafuta mahali pake peke yake, hayachanganywi. Kuna kikundi kilitia esansi tupu kwenye ya begani. Ilifanya kazi vizuri sana, nusu saa. Sasa inashikilia mlango usifungwe na upepo.

Lakini jambo linalotuumiza kuliko pisini na sumu ni neno "kidogo tu". Mama mmoja wa Katuba, kiongozi wa kikundi, aliniambia namna wateja wao walivyopanua kazi bila kupanua bei. "Mama, munikatie na ule uzio, kidogo tu." Juma lingine: "Mama, hii kanivo, kidogo tu." Mpaka siku moja walitoka saa kumi na mbili jioni, kwa dolari 5 zile zile, watu wanne, na takisi wamelipa wenyewe. Hakugombana. Alinunua daftari. Kila mara mteja aliposema "kidogo tu", alisema "Ndiyo, papa", akafanya, akaandika kazi, tarehe, na saa. Mwisho wa mwezi alimletea ukurasa, bila bei. Akasema: "Papa, hizi ndizo tulizofanya nje ya majani. Mwezi huu ni zawadi yetu kwako. Mwezi ujao, tupatane." Mteja alisoma mara mbili. Alikuwa mtu mwema kumbe, hakujua tu. Leo analipa kwa mwezi.

Hapo ndipo nataka tufike: kulipwa kwa mwezi, mwaka mzima, bei moja, mvua na kiangazi. Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme kati ya malupango 10, wanne tu wanakubali dolari 15 kila mwezi, na ndani yake kuna majani, maji, uzio, kanivo, kwa idadi ya siku zilizoandikwa. Wakati wa mvua pesa ni ile ile. Mwezi wa saba, hao wanne wanaleta 60, wale sita wengine wanaleta 30. Jumla 90. Toa gharama, tuseme 25, maana esansi imepungua lakini takisi imeongezeka. Inabaki 65, kila mtu 16 na kidogo. Si utajiri. Ila ni zaidi ya mara mbili ya ile saba na nusu, na hakuna mashini mpya iliyonunuliwa. Miche na udongo bado sijahesabu.

Karatasi ya mapatano iseme pia yasiyomo. Kupanda bustani mpya haimo, inalipwa peke yake. Mbolea na miche haimo. Mti mkubwa haimo. Kama hamjui kuandika Kifaransa vizuri, ofisi yetu itaandika, ndiyo kazi yetu. Ila msitie sahihi kitu ambacho hamjasomewa.

Neno kwa wafadhili watakaosoma haya. Tunawashukuru kwa mashini, zimetutoa mbali. Mwaka huu, mkiuliza tunataka nini, vikundi vitasema mashini, na mimi nitasema hapana mbele yao, kama ninavyosema leo, ili isije ikawa nimeenda nyuma ya mgongo wao. Tanki la maji kwa kitalu, mipira mirefu ya maji, makasi mazuri ya kukatia uzio, gambuti na glovu, bruweti mbili. Vyote pamoja huenda visifike bei ya mashini moja nzuri. Havipendezi kwenye picha. Na tunaomba kitu kingine kisicho na bei: mkopo utolewe mwezi wa nne au wa tano, uanze kurudishwa mwezi wa kumi na mbili, majani yakiwa juu. Ripoti itachelewa miezi michache. Makosa ya kalenda ya kwanza yalikuwa yangu, na nimeyaandika hivyo katika ripoti.

Baada ya mazungumzo kulikuwa na maswali. Tunaandika moja, kwa kuwa lilirudiwa na wengi.

Papa mmoja wa Kampemba aliuliza: "Mwana, unasema kitalu, lakini sisi tunapanga nyumba. Mwenye nyumba akiona miche, ataongeza bei. Tutaweka wapi?"

Jibu: Papa, ni kweli, na sina jibu la kila mtu. Nyumbani kwa mpangaji msiweke. Njia iliyoonekana kufanya kazi ni ile ya yule mama: kona ya nyuma kwa mteja, kwa mapatano kwamba yeye anachukua mche mmoja kwa kila kumi. Ana maji, ana ukuta, ana zamu. Tena akiona miche inaota kwake, hawezi kuwafukuza mwezi wa saba. Kuna pia parokia mbili tulizoanza kuzungumza nazo juu ya sehemu iliyo tupu, hatujapata neno la mwisho. Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi nitakuwa hapa na futi ya kupimia. Wale wenye mteja wa kumuomba kona, leteni jina la avenyu na daftari lenu. Mashini ziacheni nyumbani, isipokuwa zile zinazogoma kuwaka. Hizo zileteni, kijana mmoja wa Kenya anayezijua atakuwepo.